Jalada lisipoonekana: je, pengo katika nyaraka za Hali ya Hatari ni ushahidi?

Mwanafunzi wa Mombasa:

Hamjambo nyote. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu kambi za kizuizini zilizokuwa Pwani na kando ya reli ishukayo Pwani wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza mwaka 1952 kupambana na Mau Mau, yaani Manda na Takwa kule Lamu, Hola kwenye Mto Tana, pamoja na Manyani na Mackinnon Road. Mtu akitajiwa Mau Mau huwaza misitu ya Nyandarua na baridi ya Mlima Kenya. Mimi nimekulia Mombasa, na nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba maelfu ya watu wa bara waliletwa kufungiwa katika joto letu bila kufikishwa mahakamani, na kwamba wafungwa 11 waliuawa kwa virungu Hola tarehe 3 Machi 1959, mahali ambapo jamaa zangu hupita kila wanapokwenda Garissa. Ndiyo maana nimeichagua mada hii, na sitaki kuiacha.

Shida yangu ni hii. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikisoma katika chumba cha nyaraka, na karibu kila siku hutokea jambo lile lile: orodha inalitaja jalada, ninajaza karatasi ya maombi, na baada ya saa moja karatasi inarudi imeandikwa kwamba jalada halionekani. Kwingine nambari zinaruka, kana kwamba majalada matano au sita hayakuwahi kuwapo. Nimesoma kwamba Waingereza walichoma nyaraka nyingi kabla ya kuondoka na kusafirisha nyingine kwao, na nimeanza kuamini kwamba kila pengo ninalolikuta ni kazi ya mikono yao. Niliandika hivyo katika sura ya pili. Msimamizi wangu aliikata aya nzima kwa kalamu nyekundu akaandika pembeni kwamba mwanahistoria haandiki juu ya jalada asiloliona, kisha akanishauri niende Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, yanakohifadhiwa majalada yaliyohamishwa. Nauli na malazi ya London hayamo kabisa katika uwezo wangu.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, je, pengo lenyewe linaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi, na kama linaweza, ni kwa masharti gani? Pili, je, utafiti huu unaweza kusimama bila Kew, au nitakuwa ninajidanganya?

Mhifadhi nyaraka mstaafu, Nairobi:

Mwanangu, swali lako la kwanza ni zito kuliko unavyodhani, na msimamizi wako ana haki nusu. Ninaanza na nusu ambayo wewe ndiye mwenye haki.

Uteketezaji wa nyaraka haukuwa uvumi wala hasira ya maafisa wachache. Mwezi Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maagizo kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Wala zile ambazo zingewaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma au watoa habari wao. Wala zinazofichua vyanzo vya ujasusi. Wala zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyofaa. Huku kwetu majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la urithi, yaani yale ambayo serikali ya Waafrika ingeruhusiwa kuyarithi. Fungu la pili lilipigwa muhuri wa herufi W, na sharti lake lilikuwa kwamba ashughulike nalo afisa ambaye ni raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Karani Mwafrika aliyekuwa ameitunza masjala miaka kumi, akijua kila jalada lilipo, hakuruhusiwa kugusa karatasi hizo. Maagizo yalieleza hata namna ya kuchoma, kwamba majivu yenyewe yavurugwe. Na pasipowezekana kuchoma, karatasi zitiwe katika makasha mazito na kuzamishwa baharini, kwenye kina kirefu kisicho na mikondo, mbali na pwani iwezekanavyo. Kwa hiyo ukishuku, hushuku bure.

Sasa nusu ya msimamizi wako. Pengo lina wazazi wengi. Nimefanya kazi na karatasi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeona majalada yakipotea kwa mvua iliyopenya paa, kwa mchwa, kwa ofisi kuhamishwa usiku mmoja, kwa waziri kuazima jalada na kutolirudisha, na mara nyingi zaidi kwa mtu kulirudisha kwenye rafu isiyo yake. Halafu kuna uharibifu wa kawaida, ambao vijana husahau: masjala za kikoloni, kama masjala zote duniani, zilitupa karatasi za mambo madogo kila baada ya miaka kadhaa kwa utaratibu uliowekwa, na hapakuwa na njama ndani yake. Ukisema pengo hili ni la moto wa 1961 au 1963, unasema jambo lenye tarehe na mtendaji, na jambo la namna hiyo sharti lithibitishwe kama madai mengine yoyote. Pengo lisilo na tarehe si ushahidi wa kitu.

Basi ulipe tarehe. Jalada la ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya, halikuishi peke yake. Kila barua ilikuwa na nambari ya kumbukumbu juu kushoto, na chini yake mara nyingi kulikuwa na orodha ya waliopelekewa nakala: PC (mkuu wa jimbo), Kamishna wa Magereza, Mganga Mkuu, Idara ya Ujenzi. Barua iliyobaki katika jalada moja huitaja barua iliyopotea katika jalada jingine. Tengeneza jedwali la kila nambari inayotajwa, na tarehe ya mwisho ambapo jalada hilo lilikuwa bado likitumika. Ukikuta jalada linatajwa kama jalada hai mwaka 1966, basi Waingereza hawakulichoma, na hasira yako itafute mahali pengine. Ukikuta mfululizo mzima wa siri unakoma ghafula, ilhali majalada ya wazi ya ofisi ile ile yanaendelea bila kukatika hadi baada ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, hapo una jambo la kuandika. Tazama pia nambari za kurasa zilizoandikwa kwa mkono pembeni mwa kila karatasi. Jalada linaloruka kutoka ukurasa wa 41 hadi wa 58 limeguswa, na karatasi ya maelezo iliyo mbele yake huenda bado inataja kwa ufupi kilichokuwamo katika kurasa hizo, kwa sababu aliyezinyofoa barua hakukumbuka kunyofoa maelezo.

Jambo jingine, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote: waliochuja nyaraka walitafuta maneno ya usalama, polisi na ujasusi. Hawakuwa na muda wa kupekua majalada ya mifereji ya maji. Hola ilikuwa kambi, lakini pia ilikuwa mradi wa umwagiliaji wa Galole, na wale watu 11 waliuawa katika siku ambayo wafungwa walilazimishwa kwenda kufanya kazi ya kuchimba katika mradi huo. Mradi una bajeti, mabomba, mbegu, mahesabu ya vibarua. Manyani ilipatwa na ugonjwa wa homa ya matumbo mwaka 1954, na ugonjwa huacha karatasi katika Idara ya Afya, si ya Magereza peke yake. Kambi iliyo kando ya reli huacha karatasi za mabehewa. Omba majalada ya kilimo, afya, ujenzi na reli. Utachoka, utameza vumbi, lakini humo ndimo maisha ya kambi yalimobaki, kwa kuwa mchomaji hakufikiria kuyatafuta humo.

Na kuhusu kama pengo linaweza kuwa ushahidi, kumbuka majalada ya Kenya yenyewe yalivyopatikana. Karibu majalada 1,500, katika masanduku yapatayo 300, yalisafirishwa Uingereza kabla ya Uhuru. Kenya ilianza kuyadai mwaka 1967, ikakataliwa. Kwa miongo mingi Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza haikuyaonyesha kwa mtu, hata wakati wazee wetu waliokuwa wafungwa wa kambi hizo walipoishtaki mahakamani. Mwanahistoria David Anderson, aliyekuwa shahidi upande wa wazee, hakuwa ameliona sanduku hata moja. Alichokuwa nacho ni barua za maafisa waliokuwa wakijadiliana kuhusu kuhamisha majalada na kuhusu namna ya kuwajibu Wakenya wanaoyadai. Kutokana na barua hizo aliiambia mahakama kwamba masanduku yapo, na mapema mwaka 2011 serikali ikakiri kwamba yapo, katika ghala lake la Hanslope Park huko Uingereza, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 37. Kwa hiyo mwambie msimamizi wako, kwa adabu, kwamba mwanahistoria anaweza kuandika juu ya jalada asiloliona, mradi awe amesoma kila kilichoandikwa kulizunguka.

Mwalimu wa historia, Lamu:

Namuunga mkono mzee hapo juu, nami nitaongeza machache kuhusu Manda, kwa sababu naona wote tunazungumza kana kwamba kambi zilikuwa na pande mbili tu, wafungwa na walinzi.

Kwanza, kuhusu Manda unayo maandishi ambayo hayakupitia mikononi mwa mkoloni yeyote. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu aliyekamatwa Oktoba 1952, aliandika shajara alipokuwa kizuizini, pamoja na siku zake za Manda, akaificha, nayo ikachapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983. Mtu anayeandika tasnifu juu ya Manda bila kuisoma shajara hiyo atakuwa amelipita jiwe la msingi. Isome pamoja na mtu ajuaye Kikuyu vizuri, usitegemee tafsiri peke yake, kwa maana maneno ya kambini yalikuwa na maana zake.

Pili, kisiwa cha Manda kina shida ya maji ya kunywa tangu zamani. Kambi haiwezi kukaa pale bila watu wa Lamu kujua, bila jahazi na mashua, bila makuli wa gatini, bila wauza samaki, bila fundi wa kuezeka makuti. Hawa ni mashahidi ambao wanahistoria wachache wamewauliza, kwa sababu utafiti wa Mau Mau umeanzia Nyeri na Murang'a ukaishia huko huko. Wengi wao wametangulia mbele ya haki, lakini watoto wao wapo, na baadhi yao walikuwa wakubwa wa kutosha kukumbuka. Unapowaendea usianze na neno Mau Mau. Neno hilo hapa huleta majibu ya redioni na ya vitabu vya shule. Anza na kazi: nani alikuwa akipeleka maji, alilipwa na nani, alikatazwa kuzungumza na nani, wageni wale walivaa nini, walizungumza lugha gani. Mzee akikueleza jinsi alivyofunga mashua yake upande gani wa kisiwa, utajua anakumbuka. Akikueleza habari za wapigania uhuru kwa jumla, utajua amesikia.

Usije ukaogopa kwamba simulizi si historia ya kweli. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kusini mwa Tanzania kuwauliza wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, miaka zaidi ya sitini baada ya vita vyenyewe. Walikuwa wanafunzi kama wewe, wengine walikwenda vijijini kwao wenyewe, na kumbukumbu walizoziandika bado zinasomwa na kila anayetaka kuandika juu ya vita hivyo. Hola iko umbali ule ule kutoka kwetu leo. Miaka kumi ijayo hapatakuwa na mtu wa kuulizwa. Ukiwa na fedha kidogo tu, usizitie katika nauli ya London, zitie katika nauli ya Lamu na Hola, mwaka huu.

Msomaji wa Kew:

Nimepata bahati ya kukaa Kew miezi kadhaa, kwa hiyo nijibu swali la pili, halafu nitoe tahadhari ambayo huenda isipendwe.

Mfululizo wa majalada yaliyohamishwa, unaoitwa FCO 141, ulifunguliwa kwa awamu kuanzia Aprili 2012 hadi mwishoni mwa 2013. Una thamani kubwa, lakini haukuandikwa upya na malaika. Ni kile kilichobaki baada ya kuchujwa mara mbili, kwanza Nairobi na baadaye Uingereza. Utakuta humo siasa za juu: gavana, mwanasheria mkuu, mawaziri. Humo zimo barua zinazoonyesha jinsi uongozi ulivyojua kinachotendeka, kama ile ya Juni 1957 ambayo Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu matumizi ya nguvu kambini, akisema kwamba kama wanatenda dhambi, basi hawana budi kuitenda kimyakimya. Kwa mwanahistoria anayetaka kujua nani aliidhinisha nini, hakuna mahali pengine pa kwenda. Lakini kwa mwanahistoria wa kambi moja moja, anayetaka kujua nani alikula nini, nani aliugua, nani alichimba mfereji upi, nilipata mengi zaidi Nairobi kuliko Kew. Mtu akipanga safari, aulize kwanza: mwaka 2022 mfululizo huo uliondolewa kwa wasomaji kwa muda kwa sababu karatasi zilikuwa na mabaki ya dawa ya wadudu.

Mengi kuhusu Hola unaweza kuyasoma ukiwa Mombasa. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza ziko wazi katika intaneti bila malipo, pamoja na mjadala wa usiku wa tarehe 27 Julai 1959, ambamo hata Enoch Powell wa chama tawala alisimama kuilaumu serikali ya chama chake. Serikali ile ile ilichapisha hati za uchunguzi wa vifo vya Hola mwaka huo huo.

Tahadhari yangu sasa. Tunazungumza sana kuhusu karatasi zilizochomwa hata tunasahau kwamba zilizobaki nazo zinaweza kusema uongo. Baada ya mauaji ya Hola, taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba wale watu walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Taarifa hiyo haikuchomwa. Imehifadhiwa vizuri kabisa. Kama daktari asingeikagua miili, leo tungekuwa na waraka halisi, wenye tarehe na nembo, unaotuambia kwamba watu wale waliuawa na maji. Kwa hiyo jedwali la mapengo analolishauri mzee ni zuri, lakini ongeza safu nyingine ya kuuliza nani aliuandika waraka uliopo na alikuwa anamjibu nani.

Vilevile, ukienda kwa wazee waliokuwa wafungwa, jua kwamba wengi wao wamekwisha kusimulia habari zao kwa mawakili. Mwaka 2012, huko London, Jaji McCombe aliamua kwamba kesi ya wazee watatu, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara ingeweza kusikilizwa, na mojawapo ya sababu ilikuwa wingi wa nyaraka na kazi ya wanahistoria watatu, Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kesi ya pili, yenye wadai zaidi ya 40,000, ilishindwa mwaka 2018 kwa sababu jaji aliona kwamba muda ulikuwa umepita mno kwa haki kutendeka. Sikubaliani na uamuzi huo, na uliniumiza, lakini mtafiti hana budi kutambua kile ambacho kesi hizi zimekiacha nyuma: kuna masimulizi ambayo yamekwisha kupangwa kwa umbo la hati ya kiapo, mateso yakitangulia na mengine yote yakikatwa. Hilo halifanyi yawe ya uongo. Wambugu wa Nyingi alipigwa Hola siku ile ile, akazirai, akalazwa miongoni mwa maiti. Hakuna wakili aliyehitaji kumtungia hilo. Lakini mawakili hawakuwauliza wazee kuhusu nyimbo, kuhusu madarasa ya kusoma na kuandika waliyoyaendesha wenyewe, kuhusu mfungwa yupi alimsaliti yupi na kwa nini, nawe itakubidi urudi kwa subira kwenye hayo ambayo hayakuulizwa.

Msomaji wa Arusha:

Shikamooni wazee. Mimi si mtaalamu wa Kenya, lakini naona kuna mlango mmoja haujatajwa: karatasi zilizotoka nje ya himaya kabla moto haujawashwa.

Huku kwetu Meru, watu walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mnamo Novemba 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko moja kwa moja. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliyatetea malalamiko hayo New York. Hawakurudishiwa ardhi, kwa sababu azimio halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini maneno yao yalipigwa chapa kama nyaraka za Umoja wa Mataifa, yakasambazwa kwa nchi zote wanachama, na hakuna DC duniani ambaye angeweza kuyachoma. Kila nikisoma malalamiko yale najiuliza ingekuwaje kama babu zetu wangeishia kuyapeleka ofisini kwa Bwana DC peke yake.

Kenya ilikuwa koloni, haikuwa na haki hiyo ya udhamini. Hata hivyo wafungwa wenu waliandika barua nyingi, kwa magavana, kwa wabunge wa London, kwa yeyote waliyedhani angesikiliza. Tena wapo Waingereza waliorudi kwao wakasema: Arthur Young aliyejiuzulu ukuu wa polisi wa Kenya mwishoni mwa 1954 kwa kuwa alizuiwa kuyachunguza maovu ya vikosi vya serikali, na Eileen Fletcher aliyefichua mwaka 1956 kwamba wasichana wadogo walikuwa wamefungwa katika gereza la Kamiti. Barbara Castle alilifuatilia jambo hili bungeni kwa miaka mingi. Zitafute barua kwa upande wa waliozipokea. Mwandishi anaweza kunyang'anywa nakala yake, lakini mpokeaji huwa na yake.

Mwanafunzi wa Mombasa:

Nawashukuru kutoka moyoni, na kwa mzee wa Nairobi naomba radhi kwa haraka yangu. Nimeifuta ile aya mwenyewe, na sababu haikuwa kalamu nyekundu: nilipojaribu kulipa kila pengo tarehe, niligundua kwamba kati ya majalada 23 niliyoyakosa, kuna tisa ambayo ninao uthibitisho kwamba yalikuwa yakitumika baada ya 1963. Nilikuwa nimewasingizia Waingereza majalada tisa, na katika sura inayohusu uongo wa serikali jambo hilo limenitia haya. Kwa yale 14 yaliyobaki bado sijui, na nitaandika hivyo.

Mwalimu wa Lamu, nimebadilisha bajeti yangu kama ulivyoniambia. Nitafika baada ya mvua za masika, na ukiniruhusu nitakutafuta kabla ya kumwendea mtu yeyote, kwa kuwa sitaki kubisha hodi kwa wazee bila mwenyeji.

Leo niliomba majalada ya umwagiliaji ya Tana. Yamekuja, mazito, wala hayakuwa yameombwa siku za karibuni, kwa jinsi nilivyoyakuta. La kwanza limejaa hesabu za mashine za kuvuta maji. Swali la mwisho kwa mzee: katika kurasa kadhaa kuna maelezo ya penseli pembeni, yameandikwa na mkono tofauti na wa mwandishi wa barua, yenye herufi mbili za kwanza za jina bila cheo. Nitamtambuaje?

Mhifadhi nyaraka mstaafu, Nairobi:

Gazeti Rasmi la Serikali la miaka hiyo lilitangaza maafisa walioteuliwa na kuhamishwa. Chukua tarehe ya barua, tafuta nani alikuwa wilayani na nani alikuwa katika idara husika mwezi huo, kisha linganisha herufi za majina yao. Halafu linganisha mwandiko na saini katika jalada jingine la mwaka ule ule. Na penseli hiyo usiipige picha kwa mwanga mkali kutoka juu. Iweke taa pembeni, chini, nayo maandishi yatainuka. Kalamu ya wino usiiingize chumbani.